Naomba Moto

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza kweli sasa, siyo zile za kututania. Bati la zahanati linapigwa tangu asubuhi hata mtu akitaka kukwambia jambo inabidi akusogelee kama mnasengenya. Nimekinga ndoo kila pembe. Chumba pekee kisichovuja ni leba, na kwa kuwa hakuna anayejifungulia humo, nimefunga kamba kutoka ukuta huu hadi ule nikaanika nguo zangu. Mkunga mzima nimegeuza chumba cha kujifungulia kuwa cha kukaushia magauni. Mama yangu kule Songea akijua, atalia.

Acha niandike mambo ya hapa Nakipuru yalivyo, labda nikiyaona kwenye karatasi nitayaelewa. Nimefika Januari. Siku ya kliniki wanawake wanajaa benchi lote, wanapimwa, wanachukua vidonge vya kuongeza damu, wanacheka, wanaondoka. Siku ya uchungu siwaoni. Nasikia tu baadaye kwamba fulani ameshajifungua kondeni, mama mzima, mtoto mzima, alhamdulillahi. Wananipenda kwa mizani tu.

Leo alikuja Fauzia, binti wa Bi Mwahija, yule mama jirani ambaye jiko lake linatazamana na langu. Mimba yake ina miezi saba, mtoto anacheza vizuri. Lakini mimba ya kwanza alimpoteza mtoto, na yeye mwenyewe nusura aende kwa damu iliyotoka baada ya kujifungua ikakataa kukatika. Nimemweleza polepole kwamba safari hii asijifungue mbali na sindano yangu ya kukata damu. Nikamwambia hata kwenda kusubiri hospitali ya wilaya wiki za mwisho inawezekana. Akaniangalia kwa adabu, akasema sawa nesi. Ile sawa naijua, ni ya kufungia mlango.

Mungu wangu, msimu huu sikuombi mengi. Siku ya Fauzia ikifika, niwepo.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Dagaa wangu wameota ukungu, nimewala hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Machi

Kijiji kinahama. Masika yakishika, watu wa hapa hufunga nyumba na kwenda kuishi kondeni, ng'ambo ya mto, wapalilie mahindi na ufuta na kuyalinda dhidi ya nguruwe na ngedere. Wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, hadi mahindi yakauke. Leo Fauzia amepita na mumewe, Rehani, mwanaume wa maneno machache kama vile anayalipia. Rehani kabeba jembe na godoro, Fauzia kabeba sufuria kichwani na tumbo mbele. Nimesimama mlangoni nikawapungia mkono, roho inaniuma.

Bi Mwahija amebaki kijijini na biashara yake ya vitumbua. Yeye ni Mmatumbi, mimi Mngoni, kwa hiyo sisi ni watani, na hiyo ruhusa anaitumia yote. Siku ya kwanza aliponiona alisema Wangoni mlikuja na mikuki, sasa mmekuja na sindano. Leo kanikuta sili mchana akadhani nimesilimu. Nikamweleza kwamba na sisi Wakatoliki tumo kwenye Kwaresima. Akauliza kama maji tunakunywa. Nikasema tunakunywa. Alicheka akakaa chini, akasema hiyo siyo saumu, hiyo ni kusahau chakula cha mchana.

Jioni akaniita kufuturu. Mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga, na kitumbua cha moto alichonichagulia mwenyewe. Nimeshiba tumbo na moyo. Mtu unaweza kuwa mbali na kwenu na bado ukala ukiwa kwenu.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimefanya wema mdogo nikafurahi. Adhuhuri, mvua inamwagika, alikuja mwanaume mmoja anaitwa Iddi. Mkewe, Hamida, namjua kwenye kliniki. Kasimama upenuni analowa, hataki kuingia. Kaniamkia, kauliza hali yangu, hali ya Songea, hali ya mvua ya Songea. Nikajibu yote. Mwisho akasema, "Nesi, naomba moto."

Nikamhurumia, mtu kavuka mto mzima kwa kukosa kiberiti. Nikamletea changu kipya, nikakifunga kwenye nailoni kisilowe, nikakaza na fundo. Akakitazama kile kiberiti, akanitazama mimi, akasema ahsante, akaondoka. Nimebaki najisifu kimoyomoyo kwamba sasa nimeanza kuwa jirani wa watu.

Jumamosi, 15 Machi

Jamani.

Asubuhi wamemleta Hamida juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne, midomo yake imepauka hana rangi. Amejifungua kondeni juzi, siku ileile. Mtoto wa kiume, mzima, analia kama mwenye nyumba. Lakini mama alitokwa damu nyingi ndipo ikakatika yenyewe, na leo akisimama anaanguka. Nimemtundikia maji, nimempa dawa, nimekaa naye. Mchana macho yamerudi kuwa macho. Nilishukuru, halafu hasira ikanipanda. Nikatoka nje walipokaa wanaume nikawauliza kwa sauti ambayo hainipendezi: mke wa mtu anatokwa damu hivi, mimi niko hapa nimekaa, hakuna hata mmoja aliyeona afadhali aje kuniita?

Iddi akainua kichwa taratibu, hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nilikuja, nesi. Ukanipa kiberiti."

Sikuelewa. Nikaenda kwa Bi Mwahija na hali hiyohiyo, mikono bado ina harufu ya spiriti. Alikuwa anakuna nazi. Akaacha mbuzi, akanieleza bila utani wowote, na mimi naandika hapa kama alivyosema. Watu wa hapa uchungu hawautaji njiani, kwa kuogopa husuda na midomo. Anayetumwa anakwenda kwa mzalishaji anaomba moto. Na mzalishaji anatoka na makaa ya jikoni kwake mwenyewe, anakwenda nayo, ndiyo yanayochemsha maji ya kwanza ya mtoto. Kwa hiyo kuomba moto ni kukuomba wewe.

Nikamuuliza, na mtu akiombwa moto akatoa kiberiti?

Bi Mwahija akachukua mbuzi yake akaendelea kukuna. Akasema hapo umemwambia nenda kawashe mwenyewe.

Nimelia leo. Mtu kasimama mvuani ananiita kwa heshima zote anazozijua, na mimi nimemfungia kiberiti kwenye nailoni, tena na fundo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata jina. Nimepita dukani nikasikia watoto: Nesi Kiberiti huyo.

Alhamisi, 20 Machi

Hamida ameruhusiwa. Aliniaga vizuri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Iddi naye aliniaga. Nilimwomba radhi mbele ya watu, akasema yameisha. Lakini watu wana macho. Kliniki ya jana benchi lilikuwa nusu.

Jana jioni nilimwomba Bi Mwahija amrudishe Fauzia kijijini mwezi wa Aprili, akae kwake, mimi niko hapa mlangoni. Akafunika sufuria yake. Halafu akaniambia kilichotokea kwa mimba ile ya kwanza, kitu ambacho Fauzia hakuwahi kunitajia. Walikuja naye hapa hapa zahanati, kwa miguu, wakakuta kufuli mlangoni. Nesi wa wakati huo alikuwa amekwenda Lindi kufuata dawa, si kosa lake. Walikaa barazani wakisubiri mtu ambaye hakuwepo, wakarudi naye njia ileile.

"Yule wa kwanza alitupa kufuli," akasema. "Wewe ulimpa Iddi kiberiti. Binti yangu utampa nini?"

Nilichukua sahani yangu nikaenda kulala bila kufuturu wala kula chakula cha Kwaresima. Asubuhi hii nimempigia simu mratibu wa wilaya nikamwambia nafasi ikitokea pwani, Kilwa kwenyewe au hata Lindi mjini, anikumbuke. Kanisikiliza vizuri, akasema ataangalia.

Jumanne, 25 Machi

Jikoni kwa Bi Mwahija moshi unatoka, jikoni kwangu moshi unatoka. Salamu tu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimesikia takbira tangu alfajiri, nikabaki ndani, sijui kama nimealikwa au la. Mara hodi. Bi Mwahija mwenyewe, gauni jipya, wanja, sahani ya pilau imefunikwa kawa. Hakusema neno juu ya lile letu. Alisema tu kula ingali moto, halafu akaguna kwa lile neno alilolitumia, na mimi nikaguna, tukaishia kucheka tusitake.

Sahani nimemrudishia na maharage ya kwetu, yale ya rangi mbili aliyonifungia mama. Kasema Wangoni leo mmetoa badala ya kuchukua, mnaumwa? Nashukuru sana kwa sahani hii. Nilikuwa nimeikumbuka sauti yake kuliko nilivyokiri humu.

Jumamosi, 5 Aprili

Hamida ameleta mtoto kupimwa. Kanenepa, na yeye mama amerudiwa na rangi yake. Mbele ya benchi zima akasimulia alivyotundikiwa maji na alivyoniona naongea na ile chupa naibembeleza iende haraka. Mimi sikujua kwamba nilikuwa naongea na chupa.

Wenzake walipoondoka alibaki, akanifundisha, kama mtu anayemfundisha mwali. Ukiombwa moto, usiulize nani, usiulize wapi, usishtuke. Unasema: moto upo, tangulia. Kisha unachota makaa yako unamfuata. Nimerudia mbele yake hadi akaridhika na uso wangu. Mwanzoni alisema uso wangu unapiga kelele.

Nikamwambia kama anamwona Fauzia, maana konde zao zinapakana, ampe salamu zangu. Akasema anamwona kila siku, na kwamba Fauzia anaogopa, ila hasemi.

Ijumaa, 11 Aprili

Naandika huku uso unawaka. Leo baada ya swala ya adhuhuri, mvua ya manyunyu, nilikuwa naosha vyombo. Akaja Mzee Dadi, yule anayeishi peke yake kule mwisho wa njia ya kisimani. Akaniamkia, nikampa shikamoo yake, akasema, "Mwanangu, naomba moto."

Nilisimama wima kama askari. Moto upo, nikasema, tangulia. Akasita kidogo. Nikamwambia tena tangulia mzee, uso wangu umetulia kama alivyonifunza Hamida. Nikachota makaa kwenye chungu, nikayafunika majivu, nikabeba mkoba, nikabeba kibebeo cha baridi chenye sindano, gambuti miguuni, nikamfuata. Yeye anageuka kunitazama kila mara, anaongeza mwendo. Mimi naongeza. Nikawa nawaza ni mjukuu wake labda, au mgeni amefika kwake na mimba. Tumepita dukani hivyo, mzee mbele anakaribia kukimbia, mimi nyuma na chungu kinachofuka moshi.

Tulipofika kwake akasimama mlangoni, akatandaza mikono kuzuia njia.

"Nesi, kwangu unakuja kuzalisha nani? Mke wangu amefariki miaka mingi."

Alikuwa ameshika sigara. Alikuwa ameishika tangu mwanzo. Alitaka kuwasha sigara.

Nikamwashia kwa makaa yangu. Ningefanya nini zaidi?

Jumamosi, 12 Aprili

Kijiji kizima kimecheka. Bi Mwahija kacheka hadi kitumbua kimoja kimeungua, na kuunguza kitumbua kwake ni msiba. Kila anayenunua anasimuliwa upya, na mimi nasikia kutoka jikoni kwangu kila mara mwendo wa Mzee Dadi unavyozidi kuwa wa kasi. Sasa nasikia alipotelewa na kiatu kimoja. Uongo mtupu.

Aliponyamaza akanifuata, akafuta machozi ya kicheko kwa kanga, akanipa kile ambacho Hamida alisahau. Anayetaka moto wa kuwashia huja na kitu mkononi, akasema. Kifuu, kijinga cha mti, sigara. Anayekutaka wewe huja mikono mitupu. Utazame mikono.

Nikakumbuka mikono ya Iddi siku ile mvuani. Alikuwa ameikunja mbele, mitupu, imelowa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kondeni. Likwata, kijana wa bodaboda, alinifikisha mtoni, nikavuka maji ya magotini kwa kushika kamba waliyoifunga, nikatembea topeni. Nilitaka kumpima Fauzia mwenyewe, maana amekosa kliniki.

Nilikuta ameketi chini ya dungu anapepeta mtama. Aliponiona akaziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanacheka. Habari ya Mzee Dadi ilikuwa imevuka mto kabla yangu. Alicheka hadi akashika tumbo, na mimi nikakaa topeni nikacheka naye. Tangu Januari sikuwahi kuyaona meno yake.

Mtoto amegeuka vizuri, kichwa chini. Nikamwomba arudi kijijini na mimi leo. Akasema ataongea na Rehani, na Rehani, aliyekuwa anasikiliza huku ananoa panga, akasema magugu yamezidi mahindi na nguruwe wamekula upande mmoja, wakiacha konde sasa mwaka mzima watakula nini. Sikumlaumu. Fauzia akasema mama yake ndiye atakayekuja siku ikifika, wameshapanga. Alisema kwa upole, anaogopa kuniumiza. Kabla sijaondoka akaniuliza chinichini kama ile sindano ya damu inauma. Nikamwambia haiumi kama kicheko.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa liko mbali na njia haipitiki, nimesali peke yangu leba, chini ya kamba ya nguo. Bi Mwahija kaleta vitumbua vya Idi yenu, ndivyo alivyosema. Nimemshukuru Mungu kwa vitu vingi leo, vingine vidogo mno kuviandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Mto umepanda hadi kifuani mwa mtu. Bi Mwahija anasimama uwanjani anatazama upande wa konde, anarudi ndani, anatoka tena. Tunajua wote wawili anawaza nini na hatulitaji.

Jumapili, 4 Mei

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni leba, mgongo ukutani. Nguo zangu zimening'inia juu yangu, sijapata nguvu ya kuzitoa. Fauzia amelala kitandani. Sasa niandike.

Juzi Ijumaa, watu wamemaliza swala, mvua haionyeshi huruma, nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Bi Mwahija akatoka jikoni kwake. Akavuka uwanja bila mwavuli, kichwa wazi, mwanamke ambaye sijawahi kuona hata unywele wake mmoja. Akasimama chini ya upenu wangu. Nikampa shikamoo, hakuitika. Nikatazama mikono yake. Ilikuwa mitupu.

"Mtani," akasema, "naomba moto."

Nyuma yake, penye ua, alisimama Rehani, tope hadi mapajani. Alikuwa amemfuata mkwewe kama walivyopanga. Bi Mwahija angeweza kuondoka naye kimya kimya, na mimi ningesikia baadaye. Aliamua kuvuka uwanja.

"Moto upo," nikasema. "Tangulia." Sijui uso wangu ulikuwaje. Mungu anajua.

Nikachota makaa kwenye chungu. Likwata akatupakia mimi na Bi Mwahija mshikaki, kibebeo cha baridi katikati yetu, Rehani anakimbia nyuma. Mtoni maji yalikuwa mekundu na yana sauti. Rehani akabaki anamtazama mkwewe, hajui aanzie wapi, maana mkwe hashikwi. Bi Mwahija akamwambia leo hakuna mkwe hapa, nibebe. Akambeba mgongoni akamvusha, akarudi kuchukua mkoba na kibebeo, akaviweka kichwani akanitangulia. Mimi mkono mmoja kamba, mkono mwingine chungu.

Katikati mguu ukateleza. Ilibidi nishike kamba kwa mikono yote miwili. Nikaachia chungu. Nilikiona kinazama na moshi wake.

Nilipotoka ng'ambo nililia, sioni haya kusema. Siyo kwa ajili ya makaa. Nilitaka mara moja tu nifanye jambo la watu hawa kama wanavyolifanya wenyewe. Bi Mwahija alinishika kiwiko akasema twende, hakusema jingine, tukaenda.

Fauzia alikuwa kwenye kibanda chini ya dungu, uchungu umekolea, na Hamida yuko pembeni yake amemshika kiuno. Kila kitu kimelowa. Mafiga yamezimika tangu asubuhi, kuni zinatoa maji, kiberiti cha Rehani kimegeuka uji. Mawingu yametanda hadi ndani ya kibanda sioni vidole vyangu. Nilihitaji mwanga na maji ya moto, na nilikuwa sina chochote.

Hamida akatazama mikono yangu mitupu. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa kifurushi cha nailoni, na fundo langu bado liko palepale.

"Ni chako, nesi. Hatukukiwasha."

Bi Mwahija akasema niwashe mimi, si mwingine. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikawaka. Rehani alipasua mguu wa kigoda kikavu kilichokuwa juu dunguni, tukapata moto, na ule moto ulikuwa wangu.

Mtoto alitoka kabla maji hayajachemka. Wa kike, mweupe wa utando, akalia mara moja. Nikampa bibi yake. Sindano nikampiga Fauzia papo hapo, kondo likatoka zima, na kwa muda mdogo nilidhani Mungu ametuonea huruma moja kwa moja. Kisha damu ikaja. Ikaja kama alivyonieleza Machi, kimya, haina maumivu, inajaza tu. Nikasugua tumbo lake, nikampa vidonge, nikasugua. Fauzia akasema anaona giza. Bi Mwahija alikuwa ameshika kichwa cha binti yake anasoma dua, mimi Salamu Maria inanitoka mdomoni bila ruhusa, na Hamida anasema mbona linakuwa gumu, nesi, tumbo linakuwa gumu. Alilijua kwa sababu mkono wake ulikuwa chini ya wangu. Nikahisi na mimi. Lile tumbo likakaza kama ngumi. Damu ikapungua, ikadondoka, ikakatika.

Nilitundika maji kwenye nguzo ya dungu. Sikuondoa mkono wangu tumboni mwake hadi ulipokufa ganzi.

Kulipopambazuka Jumamosi mvua ilikuwa imechoka. Fauzia akafungua macho akauliza mtoto yuko wapi, wakampa, akamnusa. Rehani alikuwa amekaa nje kwenye maji tangu jioni, usiku kucha. Alipoitwa aliingia, akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, akaja akapiga magoti mbele yangu akashindwa kusema, na kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba ndefu. Bi Mwahija alikaa pembeni anachochea moto. Akasema bila kunitazama:

"Wangoni mlituibia vingi, mtani. Leo mmerudisha kimoja."

Kisha akalia kwa sauti, na mimi nikalia naye, mikono yetu yote ina majivu.

Leo mto umeshuka, wamembeba hadi hapa. Gari la wilaya likifika kesho nitampeleka apimwe damu, labda aongezewe. Ameshakunywa uji. Mtoto ananyonya vizuri.

Nashukuru. Sina neno jingine, nashukuru.

Jumatatu, 12 Mei

Fauzia amerudi na Rehani, ameongezewa damu, anatembea mwenyewe. Mratibu wa wilaya alipiga simu kuhusu nafasi ya pwani, chumba kizuri, umeme haukatiki sana. Nikamwambia ampe mwenye kuihitaji. Akauliza kuna nini huko. Nikashindwa kumweleza, nikamwambia kuna vitumbua.

Jumamosi, 17 Mei

Jua. Mahindi yanakauka, watu wameanza kurudi mmoja mmoja, milango inafunguliwa, mablanketi yananing'inia kila ua. Bi Mwahija alikuja asubuhi na mawe matatu kwenye toroli la Likwata. Akayapanga nyuma ya zahanati, karibu na dirisha la leba, akasema jiko lako la mkaa ni la wapita njia, mkunga awe na mafiga. Kaa la kwanza alilileta kutoka kwake kwenye kifuu, akapuliza hadi likashika. Watoto bado wananiita Nesi Kiberiti. Nimewazoea, naitika.

Nimekaa hapa kibarazani naandika huku naangalia sufuria. Kuna mwanaume anaingia getini. Simfahamu, labda ni wa upande wa Njinjo. Kasimama, ananiamkia, anauliza hali yangu, hali ya jua hili. Nyuma yake penye ua kuna mwanamke amejiinamia, ameshika kiuno kwa mikono yote miwili. Hawakumwacha kondeni. Wamekuja naye.

Natazama mikono ya mwanaume. Mitupu.

Moto upo, nimemwambia, tangulieni ndani. Ngoja mimi nikatoe nguo zangu kwenye ile kamba.